Gemu Gani, Kioo Gani, Hela Ngapi?

"Mjomba, kompyuta ya kuchezea gemu ni ipi?"

Swali zuri hilo. Aliyeliuliza apewe embe la pili. Watu wazima wengi hupanda basi hapa Korogwe mpaka Dar es Salaam, wakaingia Kariakoo, wakasimama mbele ya duka la kompyuta bila swali hilo kichwani. Wao huuliza, "Iliyo nzuri ni bei gani?" Muuzaji akiulizwa hivyo hutabasamu. Hata mimi ningekuwa muuzaji ningetabasamu.

Ninyi wa Manundu mmeanza vizuri. Sogeeni kwenye mkeka.

Jibu langu litawashangaza: kompyuta ya gemu haipo. Kuna kompyuta tu. Ile inayochezesha gemu unayoitaka, kwenye kioo ulichonacho, kwa hela uliyonayo, hiyo ndiyo ya gemu. Kwa hiyo kabla hujanunua hata waya, jiulize maswali matatu. Gemu gani? Kioo gani? Hela ngapi? Semeni nami. Gemu gani? Kioo gani? Hela ngapi? Vizuri sana. Yule wa nyuma hakusema, lakini namwona anatafuna.

"Mjomba, hela ni kidogo."

Najua. Ingekuwa nyingi msingekuja kwangu. Basi, paukwa!

"Pakawa!"

Hapo kale, si kale sana, mwaka 2012, kampuni ya Dell ilitoa kompyuta ya ofisini inayoitwa OptiPlex 7010. Boksi jeusi, pana, zito. Halina taa za rangi wala dirisha la kioo ubavuni. Boksi moja katika hayo lilipelekwa ofisi fulani huko Ulaya. Likaandika barua. Likapiga hesabu. Likaandika barua tena. Kisha siku moja ofisi ikabadilisha kompyuta zake zote kwa mkupuo, kama ofisi kubwa za huko zinavyofanya kila baada ya miaka michache. Mzee OptiPlex, mzima kabisa, akatiwa kwenye kontena pamoja na ndugu zake. Akavuka bahari. Akashuka Dar es Salaam. Akapangwa kwenye rafu Kariakoo, na vumbi likamkalia mabegani.

Akaja mtoto mmoja kutoka Manundu, kamshika shangazi yake mkono. Mtoto alikuwa na hela ya kuku aliowafuga na kuwauza sokoni. Shangazi aliahidi kuongeza kidogo, na "kidogo" ya shangazi mnaijua.

Dukani kukawa na kelele. "Nichukue mimi!" likaita boksi lenye taa nyekundu, kijani na bluu. "Nina feni sita!" Kadi moja ikaruka: "Nichukue mimi! Nimeandikwa GB 4!" Kompyuta ya pembeni ikajipiga kifua: "Mimi ni i7! Mnasikia? I7!"

Mzee OptiPlex akakohoa. Akauliza polepole: "Mwanangu, gemu gani? Kioo gani? Hela ngapi?"

Mtoto akasema, "Nataka mpira. PES ya zamani, na eFootball."

"Vizuri. Na nini tena?"

"Na GTA."

Shangazi akageuka haraka. Mzee akacheka. "GTA V ni ya watu wazima. Kwenye kasha imeandikwa 18, na wewe hata kumi na tatu hujafika. Tutaizungumza ukikua. Lakini nikusimulie jambo moja la kweli. Mwaka 2015 gemu hiyo ilipotoka kwa ajili ya kompyuta, wenyewe waliandika prosesa wanayoipendekeza. Waliandika Core i5-3470. Fungua kifuniko changu utazame nina nini ndani."

Fundi akafungua. Akasoma: Core i5-3470.

"Mjomba, yaani kompyuta ya kuandikia barua inaweza gemu?"

Nilijua mtauliza, na ninawapenda kwa sababu mnauliza. Inaweza nusu. Nusu nyingine lazima uiongeze. Ili mjue ni nusu ipi, twendeni jikoni kwenye shughuli.

Mmeona harusi ikipikwa uani, masufuria makubwa, moshi, watu tele? Yupo mpishi mkuu. Yeye ndiye anajua kila kitu: pilau iwekwe lini, chumvi kiasi gani, nani atumwe maji. Huyo ni prosesa. Ndani ya i5-3470 wamo wapishi wakuu wanne, na kila mmoja ana akili nyingi. Mpira ukipigwa, wao ndio wanaamua: kipa aruke kulia au kushoto? Beki akimbie au abaki? Mshambuliaji ameotea au hakuotea?

Lakini harusi haipikwi na wapishi wanne. Kuna vitunguu vya kumenya, magunia. Kuna mchele wa kuchambua punje kwa punje. Kazi hiyo haitaki akili nyingi, inataka mikono mingi. Ile mikono mingi ni kadi ya picha. Kadi inayoitwa GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019, ina wafanyakazi wadogo 896. Kila mmoja anajua mambo machache tu, lakini wote wanafanya kwa pamoja.

"Mikono yote hiyo ya nini, Mjomba?"

Hesabuni nami. Vioo vya televisheni nyingi za siku hizi vina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu. Ukizidisha unapata nukta 2,073,600. Hiyo ni picha moja tu. Chukulia ni sahani moja yenye punje za wali 2,073,600, na kila punje lazima ipewe rangi yake: hii ya nyasi, hii ya jezi, hii ya kivuli cha goli. Na mgeni wako, yaani jicho, anataka sahani 60 kila sekunde ili mchezo uteleze bila kukwama. Ni punje zaidi ya milioni 124 kwa sekunde. Ukimwachia mpishi mkuu kazi hiyo, gemu inatembea kama mtu aliyevaa viatu visivyo vyake.

Mzee OptiPlex ana wasaidizi wachache aliokuja nao ndani ya prosesa yake. Wanatosha kwa gemu za zamani. GTA: San Andreas ya mwaka 2005 wanaiweza, PES 2013 wanaiweza ukipunguza mapambo. Mtoto wa hela kidogo sana angeweza kuishia hapo, akacheza na akafurahi. Lakini gemu mpya zinataka umati jikoni.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo hela za watu hupotea. Wageni hula kwa mwendo wa mtu wa polepole kuliko wote. Ukileta wamenyaji elfu tatu kwa mpishi mkuu mzee, watakaa wameshika visu wakisubiri kuambiwa wamenye nini. Ukileta mpishi hodari asiye na wasaidizi, atamenya vitunguu mwenyewe na pilau italala. Kwa hiyo usitafute kifaa kikubwa kuliko vyote. Tafuta vifaa vinavyolingana. Kwa Mzee OptiPlex, kadi ya GTX 1650 ni saizi yake. Ukimpa kadi ya gharama ya juu unalipia watu wa kukaa.

Tena kuna dawa ya bure. Gemu ikikwama, ingia kwenye mipangilio yake, punguza nukta. Ukitoka 1,920 kwa 1,080 ukaenda 1,280 kwa 720, punje zinabaki 921,600, chini ya nusu. Wafanyakazi ni walewale, sahani imepungua. Mpira unateleza. Watu wanakimbilia kununua kadi mpya kabla hawajajaribu hilo! Ndiyo maana nasema kila mara: kioo gani? Mwenye kioo kidogo hahitaji jiko kubwa.

"Mjomba, mtoto alinunua nini basi?"

Aliigawa hela yake mafungu kumi. Mafungu manne yakaenda kwa Mzee OptiPlex mwenyewe, ambaye alikuja na prosesa, mazabodi (ubao unaobeba vifaa vyote), pawa saplai, boksi na kumbukumbu kidogo. Manne mengine yakaenda kwenye kadi ya picha. Fungu moja likaenda kwenye diski ya SSD. Fungu la mwisho hakuligusa pale, na mtaona kwa nini. Bei zenyewe sizitaji, maana zinapanda na kushuka kila wiki, na anayekutajia bei ya mwaka jana anakupotosha hata kama anakupenda. Mafungu ndiyo ya kukumbuka. Kioo hakununua, kwa sababu televisheni ilikuwa nyumbani.

Na zile kelele za dukani? Mzee alizijibu moja moja.

Akamwambia boksi la taa, "Taa zako hazijawahi kufunga goli." Akanyamaza. Mzee hakupenda maneno mengi.

Akamgeukia i7. "Wewe ni wa mwaka gani?" Yule akaangalia chini. Alikuwa i7-870, wa mwaka 2009. "Basi yupo mdogo wako anaitwa i3-8100, wa mwaka 2017, na anakushinda." Mnaona? Herufi na tarakimu moja hazitoshi. Soma namba inayofuata baada ya kistari. 3470 inaanza na 3, ni kizazi cha tatu. 8500 inaanza na 8, ni kizazi cha nane. 10400 ni kizazi cha kumi. Na 870, yenye tarakimu tatu tu, ni kizazi cha kwanza. Bandiko la i7 linapendeza, lakini umri haliusemi.

Kisha akaitazama ile kadi iliyojisifia GB 4. Ilikuwa GT 730. "Una nafasi kubwa ya kuweka vitunguu," akasema, "lakini wamenyaji wako ni wachache, na mlango wako ni mwembamba." Kadi nyingi huandikwa GB nyingi kwa herufi kubwa ili wewe usiulize mengine. Na kuna hila ya ajabu zaidi. GT 1030 imetengenezwa kwa aina mbili zenye jina lilelile. Ya mwaka 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5, inapitisha GB 48 kwa sekunde. Iliyokuja mwaka 2018 ina DDR4, inapitisha karibu GB 17 tu. Jina moja, kasha linafanana, mlango mmoja mpana na mwingine ni wa kupita ubavu. Ukinunua GT 1030, geuza kasha, tafuta GDDR5. Isipokuwepo, rudisha rafuni.

"Na kama kadi inasema uongo kabisa, Mjomba?"

Eh! Huyu mtoto ana macho. Zipo. Kadi ya zamani, tuseme GTX 550 Ti, huandikwa upya ndani yake ijiite GTX 1050 Ti. Kompyuta nayo inaamini. Ipo programu ya bure inayoitwa GPU-Z, na tangu mwaka 2018 imefundishwa kuzitambua kadi nyingi za namna hiyo. Ikiikamata inaandika neno "bandia" kwa Kiingereza mbele ya jina. Mwombe fundi aifungue mbele yako kabla hela haijatoka mfukoni. Fundi mwaminifu hatakasirika.

"Kwa nini asinunue hiyo 1050 Ti ya kweli? Si bei nafuu?"

Angeweza, na si vibaya. Ni ya mwaka 2016, ina GB 4, haina makuu. Lakini walioitengeneza, NVIDIA, walitangaza kwamba kuanzia Oktoba 2025 kadi za ukoo wake haziandaliwi tena programu mpya za kuendana na gemu mpya, zitapata marekebisho ya usalama tu mpaka Oktoba 2028. GTX 1650 ni ya ukoo uliofuata na bado imo kwenye kundi. Kama tofauti ya bei ni ndogo, chukua 1650. Kama ni kubwa, chukua 1050 Ti, kacheze. Mimi si mtu wa kumnyima mtoto mpira kwa ajili ya tofauti ya miaka mitatu.

Tuje kwenye kuni. Jikoni bila kuni hakuna shughuli, na kwenye kompyuta kuni ni pawa saplai. Ya Mzee OptiPlex wa umbo la mnara ni wati 275. Prosesa yake hula wati 77. Kadi hupewa kuni kupitia tundu lake kwenye mazabodi, na tundu hilo hutoa wati 75 tu. Jumlisha na feni, diski na vidogo vidogo, bado hatujafika 200. Zinatosha. Lakini sharti ni moja: kadi isiwe na tundu la plagi ya ziada ya pini sita, kwa sababu boksi la ofisini halina waya wa kuichomeka. GTX 1650 nyingi hazina tundu hilo, ila zipo zilizo nalo. Tazama ukingo wa juu wa kadi. Kama kuna vishimo sita, hiyo si yako.

"Si anaweza kununua pawa saplai kubwa?"

Kwa 7010 hiyo ya mnara, ndiyo, plagi yake ni ile ya pini 24 iliyozoeleka. Mdogo wake, OptiPlex 9020 wa mwaka 2013, ana plagi ya pini nane ambayo Dell walijitengenezea wenyewe, na hapo unaanza kutafuta nyaya za kuunganishia. Na nikwambie wazo langu, ingawa wapo mafundi watakaobishana nami: pawa saplai ya ofisini ya wati 275 naiamini kuliko ile nyepesi isiyo na jina iliyobandikwa 500. Kuni zilizoandikwa nyingi na kuni zilizopo ni mambo mawili.

Umbo nalo ni muhimu. Boksi la ofisini huja kwa maumbo. Kuna mnara, unaomeza kadi ya kawaida. Kuna jembamba, ambalo linataka kadi fupi zilizotengenezwa kwa ajili yake, na GTX 1650 fupi zipo lakini utazitafuta. Na kuna kadogo kanakolingana na kitabu kinene. Hako kanapendeza sana mezani, ila hakana tundu la kadi ya picha. Ukikanunua kwa ajili ya gemu, umenunua kikokotoo. Chagua mnara. Binamu zake OptiPlex, yaani HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, wana maumbo hayohayo, na ushauri ni uleule.

Meza ya jikoni ni RAM. Vitu vinavyotumika sasa hivi hukaa juu ya meza. Meza ikiwa ndogo, watu wanakimbia stoo kila dakika. GB 8 ndiyo ya kuanzia, 16 ni raha. Mzee hutumia DDR3. Kompyuta za miaka iliyofuata hutumia DDR4, na haziingiliani. Pengo la katikati ya kipande cha RAM limekaa mahali tofauti makusudi ili usilazimishe. Usilazimishe.

Stoo yenyewe ni diski. Diski ya kuzunguka hutoa megabaiti mia moja na kitu kwa sekunde. SSD ya kawaida hutoa zaidi ya 500. Gemu iliyokufanya usubiri mpaka chai ikapoa itafunguka kabla hujaweka sukari. Lakini msidanganyike: SSD haiongezi sahani kwa sekunde. Inafungua stoo haraka, basi. Ukiwa na hela ya kimoja tu kati ya kadi na SSD, na unachotaka ni gemu, anza na kadi.

Kabla ya kulipa, mtoto wetu alifanya mambo ambayo shangazi aliyaona ya kiburi kidogo, na mimi nayasifu. Aliomba kadi ichomekwe kwenye boksi lake lenyewe, si la fundi. Aliomba kompyuta iwashwe na iachwe ikicheza gemu nusu saa, apate kusikia feni. Aliomba iingie kwenye mipangilio ya ndani, ile inayofunguka kwa kubonyeza F2 wakati wa kuwaka. Kwa nini? Kwa sababu kompyuta za ofisini nyingine hufungwa nenosiri huko, na ofisi yenyewe iko Ulaya, utamuuliza nani? Haikuuliza nenosiri. Saa ya ndani ilikuwa imerudi nyuma miaka, na fundi akabadilisha betri ndogo ya mviringo, CR2032. Kitu kidogo.

Mzee akafungwa kwenye katoni na magazeti. Basi likapita Chalinze, likapita Mkata, likapita Segera pale njia ya Tanga inapoachana na ya Arusha, likafika Korogwe na joto lake. Mtoto alilipakata katoni njia nzima.

Na lile fungu la kumi? Lilibaki kwa ajili ya umeme. Umeme wetu ni wa volti 230, na mnajua unavyokatika, ukarudi kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho huua kompyuta. Nunua kifaa cha kulinda, kile kinachosubiri dakika chache umeme utulie kabla ya kuupitisha, ndugu yake yule wa kulindia friji. Tena tazama nyuma ya pawa saplai. Baadhi, hasa zilizotoka Marekani, zina swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 nawe ukachomeka hapa Manundu, utasikia mlio mmoja tu. Isome kwanza. Kompyuta isiyo na swichi hiyo hujipanga yenyewe.

Ukichomeka waya wa televisheni, uchomeke kwenye kadi ya picha, si kwenye matundu ya mazabodi. Wako watu walioweka umati mzima jikoni halafu wakapakua kwenye sufuria la mpishi peke yake, wakalalamika kwamba kadi ni mbovu. Boksi lisikae kabatini. Joto la Korogwe linatosha, usiliongeze. Na vumbi likiingia, zima, chomoa, fungua, pangusa kwa brashi laini.

"Mjomba, Windows je?"

Hapo Mzee anaonyesha mvi zake. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni zake inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Yeye ni wa tatu. Anaweza kuishi vizuri na Linux, ambayo ni bure, na tangu mwaka 2018 duka la gemu la Steam lina njia ya kuchezesha gemu nyingi za Windows ndani ya Linux. Nyingi, si zote: Fortnite na Valorant zinakataa, kwa sababu walinzi wao wa kukamata wadanganyifu hawafanyi kazi ndani ya Linux. Kwa hiyo kama jibu lako la "gemu gani" ni hizo, ongeza hela kidogo uchukue boksi la mwaka 2018, tuseme OptiPlex 5060 yenye i5-8500. Huyo ana wapishi wakuu sita na Windows 11 inamkubali.

Na mwenye hela zaidi, anayetaka vipya tupu? Aanze na Ryzen 5 5600G ya AMD, ya mwaka 2021. Wapishi sita, na wasaidizi wazuri wanaishi humohumo ndani, kwa hiyo kadi inaweza kusubiri mwakani. Hao wasaidizi hawana meza yao, wanatumia ya mpishi. Basi nunueni RAM mbili za GB 8, si moja ya 16, ili meza ifikiwe pande zote mbili.

"Mjomba, swali la mwisho. LUKU atanunua nani?"

Hili nililitegemea kutoka kwako. Tuseme kompyuta inakula wati 200 ukicheza, televisheni tuiache kando. Saa tano ni uniti moja. Ukicheza saa nne kila siku, kwa siku thelathini ni uniti 24. Sasa, nyumba zinazotumia umeme kidogo, zisizozidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa kila uniti kwa bei ya chini. Kama nyumbani mnatumia 60, ukiongeza 24 zako mmevuka, na uniti zote za juu ya hapo zinakuja kwa bei kubwa. Mama yenu ni dada yangu, namjua, atagundua siku hiyohiyo. Ukicheza saa mbili unabaki na 12, jumla 72, hamjavuka. Chukueni karatasi, pigeni hesabu hiyo mbele yake kabla katoni halijafunguliwa. Mimi sitakuwepo.